Tunataka kujenga na kuishi pamoja familia saba, tutagombana nini?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Sisi ni familia saba, wengi tulisoma chuo pamoja, tumenunua ekari nne upande wa Bagamoyo. Wazo letu ni kila familia iwe na kanyumba kadogo ka kulala tu, ila jiko liwe moja, sehemu ya kulia moja, bustani na kuku tufanye wote, watoto wakue pamoja na wazazi wetu wakizeeka wawe na pa kukaa. Hela ya kuanzia ipo. Mume wangu anasitasita, anasema tutakuja kugombana mpaka tuchukiane. Mimi naona tunapendana sana, tumeshazikana na kuozana vya kutosha, sasa tutagombana nini? Naomba uniambie ukweli, changamoto za kijamii za maisha kama haya ni zipi hasa?"

Marahaba dada yangu. Hongereni kwa kufika hapo, kununua ardhi familia saba na bado mnasalimiana si jambo dogo. Mi kazi yangu ni kusuluhisha vikundi, VICOBA, vyama vya ushirika, ndugu walionunua shamba pamoja, kwa hiyo najua wangapi hawafiki hata kwenye kuweka bikoni.

Umeniomba ukweli. Mtagombana. Na hamtagombana kwa sababu hampendani, mtagombana kwa sababu mnaenda kuishi maisha ambayo hayana mwongozo uliorithiwa. Watu wengi wa kwetu wakisikia habari ya kuishi pamoja wanasema hiyo si mpya, sisi tumekulia nyumba za watu ishirini, bibi, mashangazi, watoto wa mjomba, sufuria moja. Ni kweli kabisa, ila angalia ile nyumba ilikuwa inaendeshwaje. Kila mtu alikuta nafasi yake imeshapangwa. Bibi akisema imeisha. Mkaza mwana mdogo ndo anaamka saa kumi na moja kuwasha moto, hakuna kikao kilichokaa kumpangia, na kama anaumia anaumia kimyakimya. Hela ikikosekana inajulikana nani ataombwa, mtoto akikosea inajulikana nani ana ruhusa ya kumchapa, mgeni akija inajulikana atalala wapi. Sasa nyie ni rika moja, wote mmesoma, wanaume kwa wanawake mna kauli sawa, hakuna bibi na hakuna mkaza mwana. Kila kitu ambacho ukoo ulikuwa unakimaliza bila kuuliza, nyie itabidi mkiulize, mkijadili, mkubaliane, alafu baada ya miezi mkiulize tena kwa sababu hali ya mtu imebadilika. Ugumu wote unaanzia hapo, na mengine yote ntakayokwambia ni matawi ya hilo.

Tuanze na jikoni maana ndo mtakapoanza nyie. Jiko moja, familia saba, watu wazima kumi na nne na watoto juu. Wiki mbili za kwanza ni sherehe, kila mtu anapika kwa mbwembwe. Baadaye itaanza kuonekana nani anaacha sufuria ya wali imeganda ukoko kwenye sinki mpaka asubuhi, nani kila zamu yake ikifika ana dharura ya kazini, nani anapika chakula cha maana na nani anachemsha maharage anaita chakula. Na hakuna atakayesema. Wanawake wataanza kufidia, mmoja ataosha ili tu asione uchafu, atafanya hivo mwezi mzima, alafu siku moja atalipuka kwa jambo jingine kabisa, labda chumvi, na wengine watashangaa huyu vipi leo.

Kuna jumuiya moja Marekani inaitwa Twin Oaks, iko Virginia, ilianzishwa mwaka 1967 na watu wanane tu na mpaka leo ipo, kwa miaka mingi ilikuwa na watu wazima kama tisini hivi mpaka mia. Wale wanachangia mapato yote, yani hela inayoingia ni ya wote, na jambo walilogundua mapema ni kwamba bila kuhesabu kazi watauana. Kila mtu anadaiwa masaa ya kazi kwa wiki, kama 42 hivi, lakini angalia kinachoingia kwenye hesabu: kupika, kuosha vyombo, kulea watoto, kusafisha choo, vyote vinahesabiwa saa kwa saa sawasawa na kutengeneza bembea za kamba na tofu (jibini ya soya) walizokuwa wanauza kwa miaka mingi. Ukifika miaka 50 masaa yanaanza kupungua kidogokidogo. Mwanzoni walijaribu kuipa kazi isiyopendwa pointi nyingi kuliko inayopendwa, mbele ya safari wakaacha, saa moja ikawa saa moja kwa kila mtu. Najua mtu wa kwetu akisikia kuhesabu masaa kati ya marafiki anaona ni ubahili, kwamba upendo gani huo wa kuandikiana. Mi naona ni kinyume. Pale mnapokataa kuandika, kila mtu anaandika kichwani mwake, na daftari la kichwani siku zote linamwonyesha mwenyewe kafanya zaidi ya wenzake. Bora daftari la ukutani ambalo wote mnalisoma.

Na hapa nataka nikae kidogo kwenye jambo ambalo vitabu vya Wazungu haviwezi kukusaidia kwa sababu wao hawana: dada wa kazi. Kati ya hizo familia saba, nina uhakika angalau nne wana dada. Sasa zamu ya familia ya fulani ikifika anayekuja jikoni ni nani, baba, mama au dada? Kama anakuja dada, wenzenu wasio na dada wanaosha wenyewe kwa mikono yao huku mwenzao kalipia, na hapo usawa wenu umeshapasuka kabla hamjamaliza kupaka rangi. Alafu huyo dada aliyeajiriwa na familia moja, mama mwingine akimtuma dukani inakuwaje? Akitumwa na mama watatu kwa wakati mmoja? Nimeshakaa kwenye usuluhishi ambao watu wazima walikuwa wanazozana masaa mawili kuhusu "heshima" na "kudharauliana" na mwisho ikaja kubainika kiini ni binti wa miaka kumi na tisa ambaye alikuwa anafua nguo za nyumba tatu kwa mshahara wa nyumba moja, na yeye hakuitwa kwenye kikao. Huyo anaishi hapohapo, anawajua watoto kuliko nyie, anasikia kila kitu, lakini hana kura. Amueni kabla hamjahamia: ama dada ni waajiriwa wa jumuiya nzima, wanalipwa na mfuko wa wote, wana masaa, wana siku ya kupumzika na mtu mmoja tu wa kuwapa maagizo, ama hakuna dada na mtaosha wenyewe. Katikati ya hapo ni moto.

Jambo la pili ni hela, na simaanishi hela ya kujenga, hiyo unasema ipo. Namaanisha hela isiyo sawa. Leo mnajiona mko sawa kwa sababu mlikula ugali wa chuo pamoja. Kesho mmoja atapandishwa cheo, mwingine atapunguzwa kazini, mwingine kaka yake yuko Muscat anamtumia za kutosha. Israel wana makazi ya pamoja yanaitwa kibbutz, la kwanza ni Degania mwaka 1910, saivi yapo kama 270, na kwa miaka mingi yalikuwa na sheria kwamba hakuna mali binafsi kabisa. Baada ya mkataba wa mwaka 1952 Ujerumani Magharibi ikaanza kulipa fidia kwa Wayahudi walioteswa wakati wa Hitler, na malipo mengine yalikuwa yanakwenda kwa mtu mmojammoja. Sasa fikiria mtu kapoteza wazazi wote kwenye kambi za mauaji, inakuja hela kwa jina lake, je aiweke kwenye mfuko wa wote? Kanuni inasema aweke. Moyo unasema vingine. Ubishi ule uliumiza watu sana, wapo walioondoka, sehemu nyingine ikabidi watafute njia ya kati. Na hata vitu vidogo vilileta shida, kwa mfano birika. Watu walibishana kama mtu aruhusiwe kuwa na birika la chai chumbani kwake, kwa sababu wenye busara waliona mtu akishachemsha chai chumbani haendi tena ukumbi wa chakula jioni, na ukumbi ukifa jumuiya imekufa. Ukilisikia hivi unaona ni utoto. Wale walikuwa sahihi kuhusu kitakachotokea, ila hawakuwa na uwezo wa kukizuia, mtu anahitaji chai yake saa nne usiku bila kuonana na mtu.

Kwenu birika litakuwa shule. Andika hilo. Familia mbili watoto wanapelekwa inglishi midiamu kwa basi la njano, familia nyingine watoto wako kayumba, wote wanakula meza moja, mtoto wako atakuuliza kwa nini fulani ana kompyuta na anaongea Kiingereza na mimi sina. Hilo likikaa miaka miwili mama wawili hawatasalimiana na hakuna atakayekumbuka lilianzia wapi. Ushauri wangu ni msijaribu kuwa kibbutz. Changieni vitu vinavyojulikana kwa kiasi kinachojulikana, chakula, maji, umeme wa eneo la wote, mlinzi, mfuko wa matengenezo, na hela iliyobaki iwe ya mtu na nyumba yake, wala msiulizane. Hata kibbutz zenyewe, baada ya madeni makubwa ya miaka ya 1980, nyingi zimeishia kulipana mishahara tofauti.

Na hapohapo nitakwambia kitu kuhusu ramani yenu ambacho naomba mkirudie kabla fundi hajachimba msingi. Mnasema nyumba za kulala tu na jiko moja. Wekeni jiko dogo kila nyumba. Plagi, jiko la gesi la plet mbili, sinki. Denmark mwaka 1972 familia 27 zilihamia mahali panaitwa Sættedammen, na mfano wao umeigwa nchi nyingi: kila nyumba ina jiko lake kamili na mlango wake wa kufunga, alafu kuna nyumba ya wote ambapo watu wanakula pamoja na kukutana. Wamedumu zaidi ya miaka hamsini. Mtu akigombana na mumewe, mtoto akiumwa, mama akifiwa, Ramadhani ikifika na wewe unaamka kula daku wenzako wamelala, Kwaresima ikifika na mwenzako kafunga nyie mnachoma nyama, kuna siku mtu lazima awe na pa kujifungia bila kueleza. Ambaye hawezi kujitenga kwa amani atajitenga kwa ugomvi. Na nimegusa dini, basi muulizane pia wazi kitimoto kinaingia jiko la wote au hakiingii, sufuria zinatengwa au hazitengwi, msiseme sisi ni wasomi hatuna mambo hayo, maana mama mzazi wa mmoja wenu akija kukaa hapo mambo hayo anayo.

Watoto. Hapa ndo pana faida kubwa kuliko zote na maumivu makubwa kuliko yote. Mtoto anayekua na watu wazima kumi na nne wanaomjua kwa jina ana utajiri. Lakini kibbutz walikwenda mbali zaidi, watoto walikuwa wanalala nyumba ya watoto, sio kwa wazazi, wazazi wanakaa nao masaa machache jioni, na hilo lilikwisha polepole kufikia mwisho wa miaka ya 1990, wakina mama wenyewe ndo walioshinikiza watoto warudi kulala nyumbani. Nyie hamtafika huko, ila mna swali lenu: nani anaruhusiwa kumchapa mtoto wa mwenzie? Kuna mzazi kati yenu anaamini fimbo na kuna mzazi amesoma kwenye simu kwamba fimbo ni ukatili, na wote wawili watoto wao wanacheza uwanja mmoja. Mi nashauri kabisa hakuna kumpiga mtoto wa mwenzio, hata kofi, unamzuia asijidhuru, unamrudisha kwa mzazi wake, basi. Na watu wazima wote, pamoja na wageni, wajomba, mafundi na walinzi, kuwe na sheria ya nani anakaa na watoto peke yake na wapi. Mahali ambapo kila mtu anaaminika ndipo mtu mbaya anapenda kuja, nalisema hili kwa uzito wote.

Sasa wageni. Kuna jumuiya nyingine Marekani, The Farm, Tennessee, watu walitoka California na msafara wa mabasi wakaanza mwaka 1971 chini ya mtu mmoja anaitwa Stephen Gaskin. Walikuwa na moyo mkubwa, waliwapokea watu wengi sana, wakafika zaidi ya elfu moja, wengi wao wakiwa watu wenye shida zao, na waliokuwa wanazalisha hela ni wachache. Mwaka 1983 mfuko wa pamoja ukavunjwa, kila mtu mzima akatakiwa kulipa mchango wake mwenyewe, na wengi wakaondoka. Kwetu The Farm inakuja taratibu na begi moja. Mdogo wake mume kaja kutafuta kazi mjini, anakaa wiki, mwezi, mwaka. Shangazi kaja matibabu Muhimbili. Hakuna Mswahili atakayemwambia shangazi chakula hiki kimehesabiwa. Na hapo unagundua kwamba hamjaunganisha familia saba, mmeunganisha koo kumi na nne. Wekeni utaratibu ambao mtu anaweza kuusingizia bila kumvunjia ndugu yake heshima: mgeni siku kadhaa ni wa wote, zikipita mwenyeji anamlipia chakula, ikizidi miezi fulani anajadiliwa. Mtu akishaweza kusema "ni kanuni ya hapa shangazi, hata mi sina namna" ameokoka.

Uongozi. Najua mtaniambia hamna kiongozi, wote sawa, mnaamua kwa kukubaliana. Kikundi kinachosema hakina kiongozi huwa kinaye, ila hakuna anayeweza kumwondoa kwa sababu hakuna aliyemchagua. Ni yule aliyetafuta shamba, ni yule ambaye ni adimini wa grupu la WhatsApp, ni yule anayeongea vizuri, au ni wanandoa wawili ambao wakishakubaliana chumbani kwao kikao cha kesho ni kuhalalisha tu. Chagueni mwenyekiti, katibu na mweka hazina kama VICOBA yoyote, kwa muda maalum, na mtu akimaliza muda wake akae pembeni hata kama ni mzuri. Na hesabu zibandikwe. Sisemi hili kwa mazoea ya ofisi. Mwaka 2023 kule Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, watu waliomfuata mhubiri mmoja msituni mpaka wakafunga kula wakafa. Nyie ni watu wa namna nyingine kabisa na nia yenu ni nzuri, ila jumuiya yoyote ambayo mtu hawezi kumpinga mkubwa, hawezi kuonana na ndugu zake wa nje kwa uhuru na hawezi kuondoka na chake mkononi, imeshaingia njia hiyo hata kama haijafika.

Ujue pia baada ya tukio kama lile majirani watawauliza maswali. Familia saba kutoka Dar wamezungushia ukuta, wanakula pamoja, watasema dhehebu, watasema freemason. Nendeni mapema kwa mwenyekiti wa kijiji, mjitambulishe, muende misibani, mchangie ujenzi wa darasa, watoto wa jirani waingie kucheza. Umoja kule Samburu, Kenya, kijiji cha wanawake kilichoanzishwa mwaka 1990 na wanawake 15 waliokimbia ukatili, wakiongozwa na Rebecca Lolosoli, kimepata shida nyingi kutoka kwa wanaume wa jirani, wengine walianzisha kijiji chao karibu ili kuwanyang'anya watalii wanaonunua shanga. Lakini kile kijiji kina shule inayosomesha pia watoto wa nje, na hilo limewajengea ukuta imara kuliko uzio wa miiba.

Na sisi Tanzania tuna historia yetu wenyewe ambayo inaniuma kila nikiikumbuka. Litowa, Songea. Vijana wa TANU Youth League walianza pale kwa hiari yao kama mwaka 1960, kabla hata ya uhuru, wakalima pamoja, wakagawana mapato, wakaanzisha shule yao, vijiji vingine vikaiga mpaka wakaunda chama chao, Ruvuma Development Association, wakawa na mashine ya kusaga na ya kupasua mbao. Ntimbanjayo Millinga ndo alikuwa kinara. Walikuwa wanaamua mambo yao kwenye mikutano ya kijiji, kwa maneno, kwa kubishana, na Mwalimu Nyerere aliwapenda sana, mengi ya sera ya ujamaa vijijini ya mwaka 1967 yanafanana na walichokuwa wanafanya tayari. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama chao, mali zikachukuliwa. Wakubwa wa mkoa na wa chama hawakupenda watu wanaojiamulia. Miaka michache baadaye ikaja Operesheni Vijiji, watu wakapakiwa kwenye malori kwa nguvu. Kwa hiyo mzee wako akisikia unaenda kuishi ujamaa na akakunja uso usimwone hakuelewi, anakumbuka lori. Litowa ilikuwa hiari, lori halikuwa hiari, na hiari ndo iliyobeba kila kitu. Ikishaonekana kwamba kati ya nyie kuna mtu yuko pale kwa kuona aibu ya kusema hapana, ujue mmeanza kumbeba kwenye lori.

Ndo maana mlango wa kutokea ni muhimu kuliko wa kuingilia. Kati ya familia saba, ndani ya miaka kumi, kuna ndoa itavunjika, kuna mtu atahamishiwa Mwanza, kuna mtu atafariki. Mtu akiondoka analipwa nini, kwa bei gani, kwa muda gani, na nani anaruhusiwa kununua sehemu yake? Wanandoa wakiachana nani anabaki, na je aliyebaki anaweza kuleta mwenza mpya bila kikao? Akifa mmoja na hati inaonyesha ana fungu lake, fungu linakwenda kwa warithi, na warithi si lazima wawe watoto mnaowajua, anaweza kuja kaka yake marehemu ambaye hamjawahi kumwona, na ana haki. Hilo mtafute wakili, aangalie kama inafaa kampuni, ushirika au bodi ya wadhamini, na kila mmoja aandike wosia wake mapema. Na kumwondoa mtu kuwe na hatua, kwa heshima. Findhorn, jumuiya ya Scotland iliyoanza mwaka 1962, Aprili 2021 majengo yao mawili muhimu, ukumbi na nyumba ya kutafakari, yalichomwa moto na mfanyakazi aliyekuwa anapunguzwa kazi. Alikuwa mtu wao wa ndani, kaishi nao miaka. Mtu anapoondolewa mahali pa hivo hapotezi kazi tu, anapoteza nyumba, marafiki, na pa kusalia siku moja.

La mwisho ambalo kwangu ndo kubwa: mtagombanaje? Sisi hatusemani uso kwa uso, tumelelewa kuhifadhiana. Tukikwazwa tunanuna, tunaweka status yenye mafumbo, tunamwambia wa tatu. Na kwenye ukoo hilo lilifanya kazi, kwa sababu wa tatu alikuwa shangazi, au somo, au mzee wa ukoo, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupokea hayo maneno na kwenda kuyatengeneza upande wa pili. Kwenu wa tatu atakuwa mwenzenu wa rika lenu, naye atamwambia wa nne, ndo majungu yenyewe. Wazungu wengi kwenye jumuiya zao wanafundishana kusema "mimi nimeumia ulipofanya hivi" mbele ya watu wote kwenye duara. Kwa watu wetu wengi hilo halikai, mtu akiaibishwa mbele ya wenzake harudi tena kuwa yule yule. Tafuteni watu wawili wazima, mwanamke na mwanaume, wanaoheshimika kwenu wote, wasioishi hapo na wasio na hisa, wawe ndo wazee wenu. Mtu akikwazwa ana ruhusa ya kumpigia mmoja wao, na ni marufuku kumpelekea mwingine yeyote. Kila miezi mitatu waje wakae na nyie siku nzima, wasikilize mmojammoja kwanza, alafu wote. Muwalipe nauli na muwape chakula kizuri. Nimeona vikundi vilivyoshindwa kila kitu kingine vikaokolewa na hilo tu.

Kuhusu mumeo. Yeye anaona kitu ambacho nyie kwa furaha mmekataa kukiona, na kama anasema nyumbani tu na kwenye kikao ananyamaza, basi hata hao wengine sita kuna wanaonyamaza. Mwombe aseme hofu zake zote mbele ya wenzenu, na wote mzijibu kwa maandishi, moja moja. Alafu kabla hamjatoa hela ya msingi, pangeni nyumba kubwa mahali popote, familia zote saba, likizo ya Desemba nzima, sio hoteli, nyumba yenye jiko bovu kidogo na vyoo viwili, mpike wenyewe, mlee watoto wote, mhesabu kazi ukutani. Mtakaporudi Januari kaeni kila mtu na karatasi yake aandike bila jina: naendelea, naendelea kama fulani likibadilika, au naomba nitoke. Atakayeomba kutoka arudishiwe hela yake yote ndani ya muda mliokubaliana, na abaki anaalikwa kila Jumapili.